Jina Ambalo Mjane Hakulitaja

Jumatatu, 1 Machi 2004

Mashimo kumi na manne. Forman alitaka ishirini. Udongo mweusi ukikauka unakuwa mgumu kama saruji. Mtaimbo unaruka, mabega yanapokea. Musyoka, ninayechimba naye, amefunga kitambaa kwenye kiganja na leo hana mzaha. Ujue kinauma kweli.

Tunazungushia seng'enge shamba kubwa nje ya Kitengela, upande wa kwenda Isinya. Mwenyewe hatujamwona. Asubuhi nyumbu walikuja hadi kwenye waya, wakasimama, wakatutazama, wakageuka.

Mumbua alikuja jana kutoka chuo kikuu. Ndiye kifungua mimba wangu, yuko mwaka wa nne, anasomea Kiswahili. Aliniachia nakala ya riwaya anayoandikia kazi yake ya mwisho. Kazi hiyo ilikataliwa mwezi wa kumi na moja. Mwalimu wake alimwambia ameichambua hadithi kana kwamba ilitokea hewani, bila watu wake na bila miaka yake. Sasa anaandika upya, aonyeshe mila na historia zilizoizaa. Ataitetea mbele ya walimu watatu tarehe sita mwezi ujao. Ikikataliwa tena hahitimu, anarudia mwaka. Alilisema hilo akitazama viatu vyake.

"Wewe soma tu, Baba. Ni hadithi ya huku kwenu."

Huku si kwetu. Kwetu ni Mwingi. Lakini nimekaa huku miaka kumi na mmoja, kwa hivyo sikubisha.

Alhamisi, 4 Machi

Mashimo kumi na sita. Mgongo.

Nasoma saa ya chakula chini ya lori, penye kivuli. Nilifika darasa la saba na muhula mmoja wa kidato cha kwanza, kwa hivyo nasoma polepole, midomo ikienda. Musyoka ameniona. Ananiita Profesa. Ameniomba nikishapata shahada nimwajiri kuchimba mashimo ya wasomi, maana labda udongo wao ni laini. Watu wakacheka. Hata mimi.

Hadithi ni ya mjane wa Kimaasai. Miaka ya zamani, ardhi ilipokuwa bado ya wote, serikali inakuja kuandikisha kila boma na kugawa. Mjane ana ng'ombe wachache na mabinti wawili. Shemeji yake anaimezea mate sehemu yake. Mwandishi anaandika vizuri. Vumbi lake ni vumbi hili hili.

Jumapili, 7 Machi

Hakuna kazi. Nimefua, nimelala, nimesoma.

Nimefika pale ambapo Mumbua alisema ndipo kazi yake yote imesimama. Karani ameweka meza chini ya turubai. Watu wako kwenye foleni. Mjane anafika mbele. Karani anamwuliza jina la mumewe, marehemu, aandike kwenye rejista. Mjane hasemi. Anauliza mara ya pili. Mara ya tatu. Mjane anatazama chini. Karani anapiga mstari, anamwita mwingine. Ardhi inaenda kwa shemeji.

Nilimkasirikia huyo mama. Neno moja tu. Sema jina uchukue shamba lako. Nilikifunga kitabu nikaenda kuchota maji.

Jumapili, 14 Machi

Mumbua alikuja na kurasa zake. Tulikaa nje ya chumba changu. Nimepanga kwa bibi mzee wa Kimaasai, mjane pia, ambaye wote tunamwita Kokoo, yaani nyanya. Ana boma na nyuma yake vyumba vinne vya mabati. Nimekaa miezi minane. Huniletea maziwa kwenye kikombe bila kuombwa.

Mumbua alinisomea. Anasema kimya cha mjane ni mdomo uliofungwa na wanaume. Amefundishwa tangu utotoni kutokuwa na sauti, na siku sauti inahitajika, haipo. Anasema hiyo ndiyo historia ya mwanamke wa huku. Maneno mazuri. Nilijisikia mtu mkubwa kuwa na mtoto anayeweza kuandika hivyo.

Lakini kuna kitu kilinikereketa. Sikujua ni nini. Nikamwongezea chai. Amekonda.

Jumanne, 16 Machi

Nimefanya kosa na sijui ni kosa gani.

Mchana forman alifungua ramani ya zamani ya kampuni ya upimaji atuonyeshe mpaka. Shamba tunalopakana nalo limeandikwa jina la mtu. Akasema huyo ndiye alikuwa mume wa yule bibi ninayepanga kwake. Sikuwa nimewahi kulisikia jina lake hata siku moja.

Jioni Kokoo alikuwa ameketi mlangoni na mke wa mwanawe, Nashipae, na wajukuu. Nilisalimu, nikapewa chai. Kwa kutaka mazungumzo tu, nikauliza kama mzee ——— ndiye aliyekuwa na shamba lile lote hadi barabarani.

Watoto waliacha kucheza. Kokoo aliweka kikombe chini. Aliinuka kwa shida, akaingia ndani, akafunga mlango. Nashipae akakusanya watoto. Nilibaki na chai yangu.

Alhamisi, 18 Machi

Mashimo kumi na tano. Maziwa hayaji. Asubuhi nilimwambia Kokoo takwenya, salamu ya kwao, kama kila siku. Hakuitikia "iko", ambalo ndilo jibu lake. Alipita.

Inauma kuliko nilivyodhani. Mimi si mtu wa kwao, ni mpangaji. Lakini yule bibi ndiye mtu pekee huku anayejua nimerudi au sijarudi.

Jumamosi, 20 Machi

Nimeambiwa.

Nashipae alinikuta bombani. Alizungumza kwa sauti ya chini, akitazama mtungi wake.

"Baba Mumbua, wewe ulitaja jina ya mwenye boma. Akisha lala, jina yake inalala na yeye. Bibi yake hawezi taja. Watoto hawawezi. Ata mimi niliolewa hapa, siwezi. Ukitaja kwa boma unamsumbua, unaita kifo irudi."

Nikamwuliza je, mtu akitaka kusema habari zake? Akasema wanasema baba ya fulani, au yule mwenye boma. Mtu anaelewa.

Nikamwomba msamaha. Akasema nisimwombe yeye.

Nilirudi na mtungi na nilipofika mlangoni nikasimama. Yule mjane wa kitabuni. Hakuwa amenyamazishwa. Karani alimwuliza jambo moja ambalo hangeweza kulisema, na akalisubiri kwa kalamu mkononi. Kazi ya Mumbua yote imesimama juu ya kitu ambacho hakipo.

Nimepita na wino juu ya lile jina nilipoliandika Jumanne.

Jumatatu, 22 Machi

Tumetumwa Kajiado siku tatu kupakia nguzo. Tunalala kwenye stoo ya mwenye lori. Nguzo zimepakwa dawa nyeusi, inakula ngozi ya shingo.

Nimefikiria siku nzima. Niseme au nisiseme. Nikisema, nitambomolea kazi zikiwa zimebaki wiki mbili. Nisiposema, kati ya wale walimu watatu mmoja anaweza kuwa anajua. Na mimi ni nani wa kusema? Kuna maprofesa. Huenda wanajua haya yote na wana sababu zao.

Naogopa mtoto wangu. Ni mara ya kwanza kuliandika hilo. Naogopa anitazame kama vile watu hutazama wachimba mashimo.

Jumatano, 24 Machi

Nilipiga simu kwa nambari ya rafiki wa Mumbua, nikitumia simu ya duka moja hapa Kajiado. Mumbua akaitwa. Alikuwa na haraka, akauliza kuna nini. Nikasema hakuna, nilitaka kukujulia hali. Akasema ako sawa. Nikakata.

Mwoga.

Ijumaa, 26 Machi

Nimemwendea Kokoo na sukari na ugoro. Nashipae alikaa katikati kusaidia na lugha. Nilisema sikujua, na kwamba kutojua hakuondoi ubaya. Kokoo alifungua ugoro, akanusa. Kisha akaniuliza kama baba yangu alikufa. Nikasema ndiyo. Akauliza kama naweza kutaja jina lake.

Nikamwambia sisi Wakamba tunafanya kinyume. Mtu akiondoka, mtoto atakayezaliwa anapewa jina lake ili lisipotee. Binti yangu ana jina la mama yangu. Kwetu jina lisipoitwa ndipo mtu amekufa kabisa.

Alishangaa sana. Alimgeukia Nashipae akahakikisha kama amesikia sawa. Kisha akacheka hadi akafuta macho kwa shuka.

"Nyinyi nasumbua watu," alisema. "Nalala, nyinyi naita. Nalala, nyinyi naita."

Nilipoona anacheka nikauliza, lakini safari hii kwa kuzunguka: wakati ardhi inaandikishwa, wajane walifanyaje? Akanyoosha mkono kuelekea barabarani. Yeye mwenyewe alisimama kwenye foleni hiyo. Mwenye boma alikuwa amelala mwaka mmoja. Karani akauliza jina.

"Mimi siwezi. Mimi nageuka, natafuta mtu si ya kwetu. Iko Mkamba moja nauza sukari. Namwambia, wewe jua yeye, wewe sema. Yeye nasema. Karani naandika. Kwisha."

Akasema walikuwa wanawake kadhaa siku hiyo. Kila mmoja alimtafuta mgeni wa kumsemea. Wengine hawakumpata.

Kazini leo mashimo yalikuwa kumi na moja tu, maana nilikuwa nikiwaza nitamwambia Kokoo nini. Forman alipiga kelele. Sikusikia hata nusu.

Jumamosi, 27 Machi

Nusu siku. Nimekisoma kile kisa upya, neno kwa neno.

Yupo. Sikumwona mara ya kwanza na Mumbua hakumwona. Ni mistari miwili. Kwenye foleni nyuma ya mjane kuna fundi cherehani kutoka Machakos, ambaye katika sura za mwanzo alikunywa chai na marehemu, kisha akashona nguo zake za mazishi. Mjane anageuka, anamtazama. Fundi anakagua sindano kwenye kola ya koti lake. Basi. Mjane anarudisha uso mbele, karani anapiga mstari.

Nilidhani ni maneno ya kujaza ukurasa. Sivyo. Mwandishi amemweka pale makusudi. Yule fundi si mtu wa kwao, angeweza kulitaja jina. Ni yeye aliyenyamaza.

Kesho Mumbua anakuja. Nitasema.

Jumapili, 28 Machi

Nimesema. Imeenda vibaya.

Nilianza mwisho badala ya mwanzo. Nilimwambia kazi yake ina kosa, ndipo nikaeleza. Alikuwa amekuja na sura zote zimepigwa chapa tayari, zimefungwa kwa kamba, anionyeshe. Nilimsimulia habari ya Kokoo, jina, foleni, fundi na sindano zake. Alisikiliza akikunja ncha ya karatasi.

"Baba, hizi si hadithi za jikoni. Kuna nadharia. Sura hiyo mwalimu ameshaipitisha."

"Huyo mama hakukosa sauti. Alimgeukia mtu. Umesoma ukiwa Mkamba."

"Sasa niandike nini pale chini ya ukurasa? Baba yangu aliniambia?"

Hilo lilinichoma. Nikasema ambalo sikufaa kusema, kwamba mimi nachimba ili yeye asome, na sasa kusoma kwenyewe hataki. Alikusanya karatasi zake bila haraka, moja juu ya nyingine. Akamwamkia Kokoo pale nje kwa heshima. Akaenda.

Hakuchukua mahindi niliyomchemshia.

Alhamisi, 1 Aprili

Mvua ya kwanza. Udongo umegeuka gundi. Kila buti lina kilo mbili. Tulisimama saa sita. Mashimo ya jana yamejaa maji na mawili yamebomoka, lazima yachimbwe tena.

Hajapiga simu. Siku tano zimebaki. Musyoka hajaniita Profesa wiki hii. Ameniuliza kama kuna mgonjwa nyumbani.

Jumamosi, 3 Aprili

Tulikuwa ndani ya shimo la kona, mimi na Musyoka, tukitoa matope kwa ndoo. Nikaona viatu vya mtu wa mjini, vimejaa tope hadi kwenye vifundo. Mumbua. Alikuwa ametembea kutoka lami.

Hakusalimia vizuri. Alisema amekisoma kile kipande mara nyingi usiku wa juzi, na sindano za fundi hazimtoki kichwani. Alikwenda kwa mwalimu wake jana. Mwalimu akamwambia anaweza kuibadilisha sura kama ana mtu wa kumtaja, lakini tarehe haisogei. Mumbua akatoa daftari.

"Nieleze tena, Baba. Anza mwanzo."

Nilimweleza nikiwa ndani ya shimo, matope hadi magotini, yeye amechuchumaa ukingoni. Musyoka aliendelea kutoa ndoo peke yake na hakufanya mzaha hata mmoja. Forman alikuja, akatazama, akaona daftari, akadhani ni mtu wa serikali. Akarudi.

Halafu nilimpeleka kwa Kokoo. Nilimwonya njiani asiulize jina, asiulize hata herufi yake. Hakuuliza. Alipiga magoti kusalimia, jambo ambalo hatufanyi sisi wala wao, lakini Kokoo alilipenda. Waliongea hadi jua likashuka, Nashipae katikati. Mumbua aliomba ruhusa ya kuandika. Kokoo akauliza jina la mwenye boma litakuwa kwenye hizo karatasi? Mumbua akasema hapana. Ataandika mume wa mhojiwa.

Amelala hapa, kwa Nashipae. Kesho alfajiri anarudi kuandika. Siku mbili za kuandika sura nzima. Mtoto wangu ana macho mekundu na nimemsababishia mimi.

Jumanne, 6 Aprili

Ndiyo leo. Saa nne, mbele ya watatu.

Nilichimba kama mtu anayekimbizwa. Mashimo ishirini, mara ya kwanza tangu tuanze. Forman akasema kumbe naweza.

Saa kumi nilienda dukani penye simu. Rafiki yake hakushika. Nikasubiri. Nikapiga tena. Hakushika. Mwenye duka akaniambia nisogee, nawazuia wateja.

Jumatano, 7 Aprili

Mumbua amepiga dukani, nikaitwa. Sauti imekauka.

Walimkalia masaa mawili. Mmoja hakutaka kabisa habari za Kokoo. Alisema bibi mmoja aliyehojiwa jioni moja si ushahidi, na kwamba sura hiyo inaonekana imeandikwa kwa haraka. Mumbua alikubali kwamba iliandikwa kwa haraka. Wa pili alimwuliza fundi cherehani ni nani hasa na kwa nini hakuna mhakiki aliyemtaja. Akamjibu. Mwalimu huyo akafungua kitabu, akatafuta ile mistari miwili, akaisoma kimoyomoyo, akakiacha kitabu wazi mbele yake muda wote uliobaki. Wa tatu aliuliza juu ya maelezo ya chini ya kurasa tu.

Hawajasema. Watabandika ubaoni wiki ijayo.

Nilimwuliza kama anajuta kuibadilisha. Akasema ile ya kwanza angeitetea vizuri zaidi, alikuwa ameikariri. Lakini hii anaiamini.

Nikamwambia ale.

Jumapili, 18 Aprili

Amepita. Alama si nzuri. Wamempa za katikati, za chini ya katikati kidogo, na ameamriwa kurekebisha kurasa sita kabla ya kazi kufungwa jalada. Mwalimu wake alikuwa ametumaini zaidi. Hatapata nafasi ya kuendelea na shahada ya pili, sio kwa alama hizo. Lakini anahitimu mwaka huu. Hatarudia.

Alikuja leo baada ya kanisa kutuambia. Alimletea Kokoo shuka jipya na majani ya chai. Kwenye zile kurasa sita, mbili zinahitaji maelezo zaidi ya siku ya foleni, kwa hivyo aliketi naye tena pale mlangoni, daftari magotini.

Nyasi zimeota hadi chini ya waya. Kumepoa. Mimi niliweka kiti ukutani nikasema nitasikiliza, lakini mwili umechoka. Nilisikia Kokoo akieleza mpangilio wa meza na turubai, nani alikuwa mbele, nani nyuma, na Mumbua akimwomba arudie polepole. Nikalala pale pale nimeketi. Nilipoamka mtu alikuwa amenifunika koti miguuni, na wao walikuwa bado wanaongea.